Mteja wa Kona Aliyetoka Kwenye Gazeti la Kufungia Nyama

Shangazi Kagendo,

Kuanzia Karatina mpaka Nanyuki hakuna kijana anayejua kuuza kitu kama mimi. Hata huu mlima, ungekuwa wa kuuzwa, ningekuwa nimeshauuza pamoja na theluji yake na mnunuzi akanishukuru. Lakini sasa nimekwama, na usaidizi nautaka kwako kwa sababu wewe hunijui sura.

Mimi ndiye wa kuita watu kwa bucha ya Ngatia hapa Nyeri. Ngatia hukata nyama, mimi huita, na mdomo wangu ni mkali kuliko kisu yake. Watu walipozoea kelele zangu nikawaza, si kila mtu husikiliza salamu kwa redio? Nikanunua kadi za salamu, nikawa natuma majina ya wateja ambao hata hawajazaliwa, huyu anamsalimu yule, na wote wanamalizia na ujumbe, "Tukutane kwa Ngatia, kwa mbuzi laini wa Doldol," na Shangazi, mbuzi wenyewe ni wa hapo Mukurwe-ini, Doldol mimi naisikia tu kama wewe, halafu nikamsalimu Gicheru wa bucha ya pili, "pole kwa kuchinja mbuzi aliyestaafu," mtangazaji akasoma akicheka mpaka akakohoa. Ngatia alinipa maini na kuniita Profesa, mimi niliyewacha shule darasa la sita!

Shida ni kwamba majina yaliniishia. Nikaokota kipande cha gazeti la kufungia nyama, kulikuwa na picha ya mzee wa kofia, anatabasamu kama mtu ameshiba, na chini jina, Simeon Kathurima wa Chuka. Maneno mengine yalikuwa yamelowa damu, tena ni Kizungu, nikaona hayo si yangu. Redio ikasema: Simeon Kathurima wa Chuka, akiwa Nyeri kwa Ngatia akila mbavu, anawasalimu wote wa nyumbani.

Jumamosi akaja msichana anaitwa Nkirote, amebeba sweta ya mwanaume.

"Ndugu yangu, ni hapa baba alikula? Tangu apotee tumemtafuta, tumeweka mpaka picha kwa gazeti. Hii redio ndiyo ya kwanza kutuambia yuko hai."

Ngatia akaniangalia. Wateja wakaniangalia. Mdomo ukajiendea wenyewe: "Ndiyo, dada. Hukaa pale kwa kona."

Akaenda akakaa pale kwa kona mpaka tukafunga. Sasa huja kila Jumamosi, watu wanakuja kumwona, bucha imejaa, na Ngatia ananiambia, "Profesa, wewe nyamaza, biashara iko sawa." Gicheru amenuna, hiyo hainikoseshi usingizi. Kitu moja tu ndiyo iliharibika, Shangazi. Aliniuliza kama baba yake amekonda, na mimi nikamwambia hapana, amenenepa kidogo.

Mfalme wa Mbavu, Nyeri

*

Mfalme wa Mbavu,

Nilicheka kwa yule mbuzi aliyestaafu. Nilipofika kwa ile sweta nikajuta kucheka.

Wateja wa uongo, mbuzi wa uongo, matusi kwa jirani: hiyo si akili ya biashara, ni uvivu wenye sauti kubwa. Nyama ya Mukurwe-ini ina ubaya gani? Iite jina lake. Na Ngatia wako, kama hawezi kuuza mbavu bila kumkalisha mtoto wa watu kwenye kona kama picha ya ukutani, basi afunge bucha alime viazi.

Usingoje Jumamosi. Nenda Chuka wewe mwenyewe, na usimtume mtu. Kaa mbele ya Nkirote na watu wa kwao, useme hujawahi kumwona huyo mzee, jina ulilitoa kwenye gazeti. Usiwaeleze habari za biashara, hawakukuuliza. Wakikutukana, pokea. Wakikuzaba kofi, hiyo nayo ni salamu.

Wakikubali, zile kadi zilizobaki andika kwamba Simeon Kathurima wa Chuka anatafutwa na watu wake, aliyemwona kweli aseme, na chini utie jina lako la ubatizo. Huo mdomo wako unafika mbali, nimeuona. Sasa umtafute huyo mzee.

Na ukipiga hodi, neno la kwanza liwe hili: "Sijui kama amekonda."

Shangazi Kagendo