Salman Hajapona, Kaka

Shela, Malindi
6 Februari 2025

Mpendwa Kaka Muzammil,

Shikamoo kaka. Natumai barua hii itakukuta mzima wa afya, wewe na wifi Hadiya na watoto. Je, lile goti limeacha kukusumbua? Hapa Mama hajambo, ila sukari humpanda kila akizidisha tende, na ukimkataza hununa siku nzima. Mimi namshukuru Mungu, mwili ni mzima. Moyo ndio uliochoka.

Nimeona nikuandikie kwa sababu mimi na wewe kwenye simu hatufiki mbali, kila mmoja humkata mwenziwe maneno. Barua hii nampa Mahadhi, jirani yetu, anayerejea kazini huko Maskati. Nakuomba uisome mpaka mwisho.

Ni habari ya mdogo wetu Salman. Alilazwa, sasa ametoka, lakini hali yake si nzuri.

Wajua kwamba tangu alipopatikana na virusi vya UKIMWI alikuwa akimeza dawa zake kila siku, akishona kanzu dukani kama mtu mwingine yeyote. Mwaka jana kliniki wakamwambia virusi havionekani tena kwenye damu. Akakupigia simu kwa furaha. Nawe ukamwambia, "Mungu amekwisha kukuondolea. Ziache hizo dawa zisije zikakuharibu maini." Haya alinisimulia mwenyewe. Tangu Baba atutoke, neno lako kwake ni neno la Baba. Baada ya Idi akaziacha, na hata mkewe Batuli hakumwambia.

Kwanza alivimba tezi za shingo, Batuli akadhani ni jino. Kisha zikaja homa za kuja na kuondoka. Mwishowe kinywa kikamjaa utando mweupe, ikawa hata maji hayapiti. Siku aliyoangukia cherehani wateja wakimtazama, ndipo tulipombeba hospitalini, na ndipo aliposema kweli.

Daktari aliyempokea ni Anjana, binti wa marehemu mzee Anantrai aliyekuwa akituuzia vitambaa vya sare. Salman akamuuliza kwa sauti iliyokauka, "Kwani kile kipimo kilisema uongo?"

"Hakikusema uongo," akamjibu. "Kilitazama damu, na kwenye damu dawa ilikuwa imevizuia virusi. Lakini havikuhama mwilini. Vilikuwa vimelala ndani ya baadhi ya chembe nyeupe, wale askari wa mwili, na wengi wao wanakaa humu." Akamgusa shingoni, kwenye zile tezi. "Ulipoacha dawa, vikaamka."

Batuli akauliza vinaeneaje. Daktari akakunja ngumi mbili, akazigusanisha. "Hawa askari kazi yao ni kukutana, wapashane habari za adui. Sasa chembe yenye virusi ikigusana na nzima, hujibandika nayo, na virusi huvuka hapo hapo zilipogusana. Vingine huelea kwenye damu, lakini hivi havina haja ya kutoka nje. Ndani ya tezi chembe zimesongamana, kwa hiyo huvuka upesi, tena vingi kwa mara moja. Dawa huvizuia visishike chembe mpya. Ukiacha dawa, mlango uko wazi."

Kaka, hayo sikuwa nikiyajua. Mimi nilidhani ugonjwa huu ni kitu kinachotembea kwenye damu, ukikosa kukiona basi hakipo. Kumbe ulikuwa ukipita kimyakimya baina ya hao hao wanaomlinda, na yeye yuko dukani anashona, anajiona amepona.

Ungedhani baada ya hapo angezikubali dawa. La! Aligeukia ukutani akasema, "Kaka mkubwa amekwisha sema nimepona. Nikizimeza, ni kama kwamba dua zake hazikupokewa." Nilimsihi, Mama akalia, daktari akarudi mara ya pili. Hakukubali hata kidonge kimoja.

Sasa nikwambie la Batuli. Mke wa mdogo wako ni mja mzito, mimba imeshaonekana. Walimpima hapo hapo hospitalini. Kipimo cha kwanza kimeonyesha yu salama, alhamdulillahi, lakini lazima kirudiwe, kwani huenda ni mapema mno virusi kuonekana. Wakati huu amepewa vidonge vya kumkinga yeye na mtoto. Siku ile aliingia wodini, akakaa kwenye ukingo wa kitanda, akameza chake mbele ya Salman. Akamwambia, "Mimi sina ugonjwa na nimemeza. Wewe wamngoja nani?"

Salman akageuka kutoka ukutani. Akanyoosha mkono, nami nikampa maji. Alimeza kwa taabu, machozi yakimtoka, sijui kwa maumivu ya koo au ya moyo.

Yuko nyumbani sasa. Daktari anasema dawa zikishika tena atainuka, lakini hawezi kutuapia, maana mwili umeliwa sana. Shaaban imekwisha ingia, naye ameanza kusema atafunga Ramadhani yote. Hata akikatazwa na daktari, hatatusikiliza sisi.

Nakuomba, kaka, mpigie wewe. Usimhubirie. Mwambie kwa kinywa chako kwamba ulikosea, na kwamba dawa nayo ni katika rehema za Mungu. Mimi nikimwambia mara mia haitoshi, wewe mara moja itatosha.

Mama anakusalimu sana na anakuombea. Batuli anakusalimu, ingawa nisikufiche, alinyamaza kwanza kabla ya kusema nikusalimu. Shangazi Kadii wa Mnarani anauliza lini utakuja. Nisalimie wifi Hadiya, na watoto uwabusu wote. Mungu akulinde ugenini, akuzidishie riziki, na atukutanishe sote tukiwa hai.

Salman amenisikia nikiandika. Ameuliza kutoka chumbani kama ni wewe ninayekuandikia, na kama nimekulaumu. Nimemwambia alale.

Ni mimi dada yako nikupendaye kwa yote,
Hafswa