Maji Kwenye Uwanja wa Matufe

KITUO CHA POLISI ROCCAVERNA
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Delfina Roggero, mjane wa Aldo Bonzano
Umri: Miaka 71
Kazi: Mwalimu mstaafu, shule ya msingi
Makazi: Njia ya Kinu, Roccaverna
Kuhusu: Malalamiko ya mkandarasi Fulvio Tacconis dhidi ya Evasio Demichelis

Nimeitwa kueleza nilichokiona Jumatatu tarehe 14 Mei 2018, asubuhi, kwenye kiwanja cha iliyokuwa klabu ya wafanyakazi. Nimesomewa malalamiko ya Bw. Tacconis. Anasema Evasio alimmwagia maji dereva wa katapila pamoja na mashine yenyewe, kwa chuki, kwa sababu hataki uwanja wake wa matufe uvunjwe. Maji yalimwagwa, sibishi. Hayo maneno "kwa chuki" ndiyo yaliyonitoa nyumbani.

Afande, wewe nilikufundisha kuandika, kwa hiyo unajua kwamba sianzi jambo katikati. Naomba uvumilie kidogo.

Niliolewa hapa Roccaverna mwaka 1970. Nilitoka vilima vya upande wa pili wa mto, ambako mvua ikinyesha tope linafika kwenye vifundo vya miguu. Nilipofika hapa nikakuta nyua nyeupe, ngumu, safi. Nikamuuliza mama mkwe hii ni saruji gani. Akacheka. "Siyo saruji, bibi harusi. Ni unga wa kiwandani."

Kiwanda kilikuwa kinatengeneza mabati na mabomba ya saruji iliyochanganywa na asbesto. Mabomba yalichongwa ncha kwa mashine, na unga uliotoka ukarundikwa langoni, mwenye kutaka ajichotee. Watu walibeba kwa baiskeli na mikokoteni. Ukiumwaga uani, ukaunyunyizia maji, ukaushindilia, ulikuwa unashikana. Majani hayakuota, matope hayakuwapo. Wengine waliutandaza darini ili nyumba isipoteze joto wakati wa baridi. Ulikuwa zawadi. Mtu akijenga, rafiki zake walimletea unga kama vile mahali pengine wanavyoleta divai.

Nyuma ya klabu kulikuwa na uwanja wa matufe, ambapo wanaume walishindana kuviringisha tufe zito likaribie kitufe kidogo; ulikuwa bora kuliko wote katika bonde hili. Tufe likitoka mkononi lilikwenda kimya, kama linateleza juu ya kitambaa. Kila Jumapili baada ya misa sisi wanawake tulikaa chini ya kichanja cha mizabibu tukikunja agnoloti, vile vifuko vya tambi vyenye nyama ndani, na wanaume walicheza mpaka supu ilipopoa. Mume wangu Aldo alikuwa na mkono mzuri, lakini alikuwa na haraka. Evasio alikuwa akimwambia, "Aldo, unatupa tufe au unamfukuza paka?" Na Aldo anajibu, "Wewe fagia, bwana shamba, waache wenye kujua wacheze." Hata sasa nikifungua dirisha Jumapili huwa ninasikiliza kwanza, halafu nakumbuka.

Evasio aliitwa bwana shamba kwa sababu ndiye aliyeutunza uwanja. Hakuna mchezo ulioanza kabla yeye hajapita na debe la kunyunyizia, taratibu, kutoka ukutani hadi ukutani, vumbi likae chini. Ukikanyaga kabla hajamaliza, anakutukana wewe na ukoo wako wote. Naomba hili liandikwe vizuri, Afande: huyu mtu amenyunyizia uwanja ule maisha yake yote.

Kiwanda kilifungwa mwaka 1986. Kufikia wakati huo sote tulijua ule unga ni nini. Nyuzi zake ni nyembamba hata jicho halizioni. Mtu huzivuta leo na zikamuua baada ya miaka thelathini au arobaini. Bati zima lililotulia halina madhara makubwa. Hatari ni kulikata, kulivunja, kulisugua. Unga ni mbaya zaidi, kwa kuwa wenyewe umekwisha kuvunjwa tayari. Pierino, kaka yake Evasio, alikufa kwa saratani ya utando wa mapafu. Kisha akafuata mkewe, aliyekuwa akimfulia ovaroli za kiwandani. Aldo wangu alikufa mwaka 2003 kwa ugonjwa huohuo. Alikuwa fundi umeme wa reli, na hakuwahi kufanya kazi kiwandani hata siku moja. Daktari aliniuliza, "Alikuwa anafanya nini wakati wa mapumziko?" Nikamjibu alikuwa anacheza matufe.

Sikujua nilichokuwa nakijibu. Uwanja wa klabu niliukuta umekwisha kujengwa, na nilipouliza, kila mara Evasio alisema ni mchanga wa mtoni. Baadaye wakaongeza mchanga mwingine juu, na hakuna aliyeuliza tena.

Sasa klabu inafanywa shule ya chekechea. Kwa sheria, jengo la zamani kama lile halikarabatiwi mpaka likaguliwe kwanza. Mwezi Machi alikuja mkaguzi, Bi. Noemi Saletta. Mimi ndiye mtunza ufunguo wa klabu, hivyo nilimfungulia, na Evasio akaja nyuma yetu kama kawaida yake. Bi. Noemi alifanya kazi kwa utulivu. Aligonga kuta, akapanda darini, akachungulia bomba la jiko lilivyofungwa. Kila alipochukua kipande alikilowesha kwanza, akakitia kwenye mfuko wa plastiki, akaziba tundu. Paa, lililokuwa la mabati ya kiwanda, alisema litolewe lote, na baadaye likatolewa na watu waliovaa nguo nyeupe na barakoa.

Mwishoni alisimama uwanjani. Babu yake ni wa hapa bondeni, kwa hiyo alijua la kuuliza.

"Mzee Evasio, hapa haukutumika unga?"

"Hapa? Hapa ni mchanga wa mtoni, binti. Unga ulikuwa wa mabanda ya kuku."

"Una hakika?"

"Nimeushindilia kwa miguu yangu mwenyewe, nikiwa na miaka kumi na saba. Chimba hapa, uone."

Alimwonyesha mahali pawili kando ya ukuta. Bi. Noemi akachimba, ukatoka mchanga. Sasa najua kwamba ndipo ulipopita mtaro, na mtaro ulifukiwa upya. Alimshukuru Evasio, akafunga mkoba.

Jumatatu hiyo nilikuwa nimepeleka ufunguo wa ghala. Ilikuwa kama saa nne na nusu, kwa sababu kengele ya mapumziko ya shule iliyo ng'ambo ya njia ilikuwa imelia muda si mrefu na watoto walikuwa uani. Upepo ulikuwa unavuma kutoka mtoni kuelekea kwao. Evasio alikuwa ameegemea uzio, kama alivyofanya kila siku tangu kazi ianze. Katapila ilikuwa inaendeshwa na kijana Mwalbania anayeitwa Ilir. Ilikwangua mchanga wa juu, halafu kijiko kikazama zaidi, na kilipoinuka kikatoka na udongo mweupe wa kijivu. Vumbi lilipanda.

Rangi ile niliifahamu. Ilikuwa rangi ya ua wa mama mkwe wangu.

Evasio ana pafu moja tu linalofanya kazi vizuri, lakini alikimbia. Alichukua mpira wa maji kwenye bomba la chini ya kichanja, akafungua hadi mwisho, akaanza kumwaga: kwanza kwenye kijiko, kisha ardhini, kisha kila mahali. Dirisha la katapila lilikuwa wazi, na Ilir alilowa.

"Zima!" Evasio alipiga kelele. "Zima mashine, mwanangu! Funika pua!"

Bw. Tacconis alitoka kibandani mwake. "Wewe mzee umechanganyikiwa? Weka chini huo mpira!"

"Piga simu shuleni waingize watoto ndani!"

"Nitapiga simu polisi!"

"Piga! Waambie na wao waje na barakoa!"

Bw. Tacconis alimshika mkono kumnyang'anya mpira. Evasio hakumpiga. Alikaa chini, palepale kwenye tope, mpira ukiwa kifuani, na maji yakaendelea kutoka. Bw. Tacconis akasema hiki ni kisirani cha uzeeni, kwamba mkaguzi amekwisha kuandika uwanja ni safi.

Evasio akasema, "Aliandika nilichomwambia. Nilimdanganya yule binti. Chini yote ni unga. Tuliuleta na Pierino kwa mkokoteni, mwaka wa sitini na moja."

"Ulimdanganya kwa nini?"

"Kwa sababu wangeutia kwenye mifuko na kwenda kuuzika kama takataka. Nilidhani mtamwaga zege juu yake, basi, umelala. Sikujua mtachimba."

Halafu aligeuka akaniona mimi nimesimama langoni.

"Mwalimu," akasema. "Aldo..."

Nikamwambia, "Endelea kumwaga maji, Evasio."

Alisimama akaendelea. Mimi nilivuka njia nikawaambia walimu waingize watoto na wafunge madirisha. Niliporudi Ilir alikuwa ameshuka, ameziba pua kwa shati. Bw. Tacconis alikuwa anamwambia apande tena. Ilir alimjibu, "Bosi, mashine ni yako. Mapafu ni yangu." Halafu akaenda kumshikia Evasio mpira, maana mzee alikuwa amechoka.

Bi. Noemi alifika kabla ya saa sita, akazungushia utepe eneo lote. Hakumfokea. Alimwambia, "Ungeniambia tu, Mzee," naye akajibu, "Ningekuambia, binti, lakini ulikuwa umevaa viatu vizuri, nikaona haya." Hilo lilikuwa jaribio la mzaha. Hakuna aliyecheka.

Kando ya ukuta palikuwa na tufe moja la zamani, limefukuliwa na katapila. Evasio aliliomba. Bi. Noemi alilichukua kwa mikono yenye glavu, akaliosha mara nyingi, akalifuta. "Hili linaoshwa," alisema. "Uwanja hauoshwi." Evasio alilipokea akanipa mimi. Lina alama ya msumari pembeni, alama ya Aldo. Nimelileta hapa ulione.

Afande, utaniuliza kama nimemsamehe. Hilo halikuandikiwa malalamiko, kwa hiyo sitalijibu hapa. Alimdanganya mkaguzi, na kwa hilo ashitakiwe kama sheria inavyotaka. Mwenyewe yuko nje kwenye benchi, amekuja kulisema. Lakini maji hayakuwa ya chuki. Alikuwa anafanya kazi yake. Vumbi lilipanda, naye akanyunyizia.

Najua pia kwamba wako wengine mjini wanaosema mchanga wa mtoni. Hata nyuma ya nyumba ya mama yako, Afande, pale tulipokuwa tunakunywa kahawa, ua ulikuwa mweupe sana.

Nimesema niliyoyaona na kuyasikia, sina la kuongeza wala la kupunguza. Nimesomewa, nimesahihisha koma mbili, na ninatia sahihi.

(Sahihi) Delfina Roggero
Roccaverna, 16 Mei 2018

MAANDISHI YA AFISA: Nimeyaandika maelezo haya kama yalivyotolewa na kumsomea shahidi. Tufe limeonekana na kurudishwa kwa shahidi. Bw. Evasio Demichelis ataandikwa maelezo yake baada ya haya. Nimempelekea maji ya kunywa. Nimempigia simu Bi. Saletta aje kukagua ua wa nyumba ya mama yangu mzazi, Njia ya Kanisa. Mama anasema ni mchanga wa mtoni.

(Sahihi) Sajenti Davide Brusasca