Doto Hakulia

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Mwalimu Scholastika kanirudishia insha yangu. "Safari Yangu Adhimu ya Elimu." Nilitia kila neno gumu ninalolijua! Hakuchora hata mstari mwekundu. Kasema tu, hii angeweza kuiandika yeyote, hata asiyekujua. Wewe uko wapi humu? Nikajibu nipo, jina langu hilo hapo juu. Darasa zima likacheka.

Mashindano ya insha ni tarehe 27, Masasi. Kila shule inapeleka mmoja. Nataka niwe mimi. Nataka mno!

Jumatano, 10 Septemba

Nimechana karatasi mpaka Shamila wa kitanda cha jirani kaniuliza kama nawasha moto.

Halafu ikaja. Pacha wangu, Doto! Siku ya matokeo ya kidato cha nne. Tumekaa dawati moja tangu darasa la kwanza, mimi nikapata divisheni two, yeye ziro. Nimeandika alivyojificha nyuma ya jiko akalia peke yake, machozi yakidondokea mchangani. Nimeisoma nikalia mwenyewe. Shamila naye kalia. Nimeweza!

Ijumaa, 12 Septemba

Mwalimu kasoma. Kasema sasa kuna mtu humu. Halafu kauliza: Doto anajua kwamba unamwandika?

Nimeomba ruhusa, kesho naenda nyumbani Makote. Bora anikatalie usoni kuliko kusikia kwa watu. Lakini akikataa? Sina insha nyingine.

Jumamosi, 13 Septemba

Nimewakuta mikoroshoni, Doto na mama, wanaokota. Nikamwamkia mama shikamoo. Doto kasoma palepale, amesimama, kikapu kiunoni. Nikawa natazama miguu yake tu.

"Kurwa, mimi nimekufa?"

"Umekufaje?"

"Mbona umeniandika kama marehemu? Maskini Doto, maskini Doto! Na nililia lini mimi?"

Nikamwambia, si ulilia nyuma ya jiko?

"Nyuma ya jiko nilipiga teke ndoo!"

Kweli! Yote yakanirudia. Ndoo nzima ya maji, tuliyopanda nayo kutoka bondeni asubuhi ile. Doto akatimua mbio. Mama akatoka na mwiko, akakuta pacha mmoja tu kasimama pale — akanichapa mimi! Siku niliyofaulu! Nilisahauje? Au nilikuwa nataka insha ya huzuni tu?

Tumecheka mpaka tukakaa chini. Mama kauliza kuna nini, tukamwambia. Akasema yeye hakukosea, alimchapa aliyemfikia.

Kisha Doto kaacha kucheka. Kasema andika kwamba nilikasirika. Nilisoma kama wewe. Taa moja, kitabu kimoja. Nilikukasirikia hata wewe. "Ukiandika hivyo, ruksa. Lakini usinilize."

Jumapili, 14 Septemba

Imetoka yenyewe! Hakuna "adhimu" hata moja. Inaanza hivi: Siku matokeo yalipotoka, aliyefeli alipiga teke ndoo, na aliyefaulu akachapwa.

Nimeisoma kwa sauti bwenini. Hakuna aliyelia. Wamedai niirudie.

Alhamisi, 18 Septemba

Mwalimu Scholastika kacheka ofisini mpaka walimu wengine wakaja kuuliza. Alipofika kwenye taa moja, kitabu kimoja, kavua miwani.

Ninaenda Masasi. Mimi!

Jumamosi, 27 Septemba

WA KWANZA! Naandika stendi ya Masasi, juu ya goti, mwandiko kama wa mtoto wa chekechea. Wa kwanza!

Doto alikuja. Kavaa gauni la mama la sikukuu. Nikaanza kusoma. Kwenye ndoo ukumbi ukaanza kucheka, kwenye mwiko watu wakapiga meza! Kwenye taa moja, kitabu kimoja — wakaacha kupiga meza. Nikasikia feni. Sikuharakisha. Niliwaacha wakae nayo.

Jaji mmoja, mama wa makamo, akauliza, huyo Doto yupo? Kabla sijaonyesha, kasimama mwenyewe.

"Nipo. Na ndoo ilikuwa ya njano, kasahau kusema."

Makofi! Sijui yalikuwa yangu au yake. Mwalimu Scholastika anapiga kigelegele, mwalimu yule yule ambaye hatabasamu hata paredi! Sasa kaenda kukata tiketi za Newala, ameibana zawadi yangu kwapani kama yake.

Nilidhani Doto angetaka soda. Kataka karatasi na kalamu. Nikauliza za nini. Kasema na yeye ana siku yake ile ile, mbona mimi sijui alipokimbilia? Kweli. Sijui. Sikuwahi hata kumuuliza.

Kaninyang'anya kalamu nzuri, mimi nimebaki na penseli. Ameinama, kaziba kwa kiganja, kama kwenye mtihani. Kaandika, kakata, kaandika tena. Ulimi nje.

Gari limeingia. Mwalimu anatuita, konda naye anapiga bodi. Doto, twende! Hata kichwa hainui.

"Ngoja. Ndiyo kwanza nimefika kwako —"