Abiria Aliyeinama

Taipei, 2 Septemba

Mama mpendwa,

Shikamoo. Joto la huko limepungua? Mimi mzima. Nisamehe sikuja sikukuu ya wafu ya Obon. Masomo yalinibana, sikutoka Taipei. Natumaini ulimwashia Baba ubani kwa niaba yangu.

Profesa ametupa kazi ya kulinganisha alama za onyo zinazowekwa kwenye barabara zinazokarabatiwa. Ya Ujerumani, mtu anachimba tu, hana habari na yeyote. Hapa Taiwan husimamisha sanamu inayopunga bendera mchana kutwa. Ya kwetu Japani, fundi anainama kuomba radhi. Wenzangu walicheka: “Nyie hata shimo mnaliombea msamaha?” Nikacheka nao.

Mwanao,
Chigusa


Mihara, 15 Septemba

Mwanangu Chigusa,

Marahaba. Sijambo, ila kiuno kinanikumbusha umri. Ubani niliuwasha.

Waambie wenzako anayeombwa radhi ni yule anayesubiri, si shimo.

Siku ile ya Obon bomba la maji lilipasuka, tukaitwa kazini kuongoza magari. Nilisimamisha gari jeupe la kukodi, limejaa vijana. Msichana wa kiti cha nyuma akajifunika uso kwa kofia ya ukindu yenye utepe wa buluu, kama ule niliokushonea. Nikainama. Orito, mwenzangu wa bendera, akaniambia, “We mama, mbona umeinama mpaka chini, kwani kapita mfalme?” Nikamwambia ni jua.

Najua hakuwa wewe. Wewe ulikuwa Taipei.

Kula vizuri.

Mama yako


Taipei, 30 Oktoba

Mama,

Shikamoo. Kila nikianza kukuuliza habari za kiuno, mkono unagoma. Barua nyingi nimezichana.

Jana niliwaonyesha darasa alama zote. Mwisho nikaweka niliyoichora mwenyewe: fundi amesimama wima, na ndani ya gari abiria ameinama. Profesa akauliza, “Hii ya nchi gani?” Nikasema ni ya mama yangu, anayesimamisha magari Mihara, na abiria ni mimi. Wenzangu tuliokuwa nao kwenye lile gari jeupe walitazama chini.

Nimekutumia. Usinisamehe haraka.

Mwanao


Mihara, 12 Novemba

Mwanangu,

Marahaba. Baridi imeanza, vaa soksi.

Mchoro umefika. Orito kauliza, “Huyu abiria kaangusha nini?” Msimamizi kasema alama hiyo haimo kwenye kanuni, nisiiweke barabarani. Nimeibandika ndani ya kofia yangu ya kazi.

Umesema nisikusamehe haraka. Sawa, sitaharakisha.

Mwaka mpya njoo. Tutakuwa barabara ileile. Ukifika nilipo, shusha kioo.

Mama yako