Blanketi la Baba na Mipira ya Hita

Nyumba ya Kona,
Nyuma ya kiwanda cha mbao.
Jumapili, 16 Juni.

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. Umri wako unaidai salamu hiyo nami nimelelewa, kwa hiyo ipokee. Neno "mpendwa" nalo nimeliandika bila kulazimishwa na mtu, ingawa kalamu ilisita kidogo.

Hamjambo huko? Mguu wa wifi umepona? Watoto wangu wanaendeleaje na shule? Waambie shangazi yao amepokea picha walizochora, na ile ya paka mwenye miguu sita nimeibandika ukutani juu ya cherehani. Wateja wanaiulizia. Sisi huku wazima, ila kifua cha mama ndicho kinachotusumbua. Baridi imeanza, na kila baada ya wiki mbili, siku ya Alhamisi, nampeleka zahanati ya mlimani. Tunatoka alfajiri ili tuwahi foleni.

Ya adabu yameishia hapo.

Barua yako kwa mama ilifika mwezi uliopita. Unajua hali ya macho yake, kwa hiyo aliyemsomea ni mimi. Nilifika pale ulipoandika kwamba nisiliguse gari la baba mpaka uje Desemba, kwa sababu mimi ni Mvunja Vyungu na kila nikigusacho kinaharibika. Nilisoma neno kwa neno, sikuruka hata nukta. Mama alicheka, akasema, "Kaka yako ana utani huyo." Mimi sikucheka. Nina miaka thelathini na minne, nina duka la ushonaji, nina wasaidizi wawili, na bado chungu nilichovunja nikiwa na miaka saba kinanifuata kama mkia.

Basi nikaligusa.

Sikuligusa kwa ukaidi peke yake, ingawa ukaidi ulikuwepo na siufichi. Mama alikuwa akitetemeka njia nzima ya mlimani. Ukifungua hita ya gari lile unapata upepo baridi kuliko wa nje, na mama anajikunyata ndani ya blanketi la kijivu la baba, anakohoa mpaka dashibodi inamjibu. Tulishazoea. Baba naye aliliendesha hivyo hivyo kila alfajiri, akipanda kukagua mabomba ya maji, blanketi magotini. Ukimwuliza, anakuambia hita ni nzima, damu yake ndiyo iliyopoa. "Mwanangu aliitengeneza kabla hajasafiri." Fundi yeyote aliyetaka kuifungua alishukuriwa na kuonyeshwa njia. Baba akafa mwaka juzi tukiamini kwamba uzee ndio uliokuwa unamtetemesha.

Nilimwendea Spana. Huyo huwezi kumsahau, ndiye fundi aliyekufundisha kazi kwa wiki tatu, ukaondoka ukisema umehitimu. Nikamwambia nataka kubadilisha mipira miwili ya hita na kuisafisha ndani, na nataka kuifanya kwa mikono yangu mwenyewe, yeye asimame tu aniongoze.  Kisha akasema, "Nitakuja kwenu Jumamosi asubuhi. Injini iwe baridi."

Alinifundisha vizuri kuliko alivyokufundisha wewe, au labda mimi nilisikiliza. Mpira uliokauka hauvutwi. Unaupasua kwa kisu kwa urefu wake, unaubandua taratibu, kwa maana kijibomba ulichovalishwa ni chembamba na ukikipinda umekwisha. Unaweka alama usije ukachanganya mpira unaopeleka maji ya moto na ule unaoyarudisha. Mimi niliufunga wa kwanza uzi mwekundu, nikaufuata kwa kidole kutoka kwenye injini, kama ninavyofuata mshono.

Kidole changu hakikufika kwenye hita, kaka. Kilipita nyuma ya betri, kikakuta kipande cha bomba la chuma chenye urefu wa kiganja, kikaingia kwenye mpira wa pili, na mpira wa pili ukakirudisha kwenye injini. Maji ya moto yalikuwa yanatoka na kurudi kwao bila kuingia ndani ya gari hata siku moja. Na vile vijibomba viwili vya hita vilikuwa vimezibwa kwa magunzi. Magunzi ya mahindi! Tena yamechongwa vizuri kwa kisu, mtu hakuwa na haraka nayo.

Nilitaka iwe ni kazi ya fundi mwingine. Nakuapia nilitaka. Lakini kile kipande kilikuwa na rangi ya dhahabu chini ya kutu, na mistari ya kujizungusha kama ya peremende. Nikakibeba mpaka sebuleni, nikapanda juu ya kiti. Unalikumbuka bomba la pazia la mama, lile lisilofika ukutani upande wa kulia, ambalo limefungwa kwa waya miaka kumi na moja, ambalo ulituapia kwamba lilitoka dukani likiwa fupi? Kipande kilijaza lile pengo barabara. Mama alikuwa jikoni anachambua mchele, akauliza natafuta nini huko juu. Nikamwambia buibui.

Njia ya mwongo fupi, lakini wewe ulivunja rekodi. Baba alikupa mipira mipya, akakuomba uifunge na uisafishe hita. Ulikuwa na siku tatu za kufunga mizigo, na kazi yenyewe ni ya nusu siku. Najua ni ya nusu siku kwa sababu nimeifanya, mimi Mvunja Vyungu. Ungemwambia tu, "Baba, muda hautoshi." Baba asingekula mtu. Badala yake ukampaka mafuta kwa mgongo wa chupa, ukapanda ndege.

Nikuambie nilivyofanya, maana unajiita mtu wa magari. Niliyang'oa magunzi kwa kizibuo cha chupa. Nikachomeka mpira wa bustani kwenye kijibomba cha kurudishia, si cha kuingizia, ili uchafu usukumwe kule ulikotokea. Maji ya nguvu kidogo tu, kwa sababu hita ya umri ule ukiishindilia inapasuka. Mwanzo hakikutoka kitu. Halafu yakatoka matope meusi, yakafuatia mekundu kama chai ya rangi, na vipande vya kutu vikagonga ndoo. Nikageuza, nikasukuma upande wa pili, nikageuza tena. Ndoo kumi na nne. Maji yalipotoka meupe, Spana aliyaonja kwa ncha ya ulimi, akatema, akasema sasa funga.

Nikavalisha mipira mipya, nikakaza vibano, nikajaza maji ya rejeta, nikawasha injini huku nimeinua mpira wa juu mpaka mapovu yakaisha. Hakuna palipovuja. Nikaingia ndani, nikafungua hita. Ilikohoa vumbi la miaka kumi na moja usoni kwangu. Halafu joto likaja, kwanza kwenye vidole vya miguu.

Hapo ndipo nilipoanza kukutukana. Sitayaandika niliyoyasema, watoto wako wanajua kusoma. Nilipomaliza nikagundua kuwa Spana hakuwa ameshangaa tangu asubuhi. Nikamwuliza kwa nini.

"Mzee alijua," akasema.

Alijua tangu mwaka wa kwanza, kaka. Alipeleka gari kubadilisha oili, akainama ndani ya boneti, akalipapasa lile bomba. Mtu aliyekagua mabomba miaka thelathini, ulidhani hatalijua? Spana anasema alisimama pale mpaka oili ikaisha kudondoka. Spana akashika bisibisi, akataka kurekebisha palepale, baba akamzuia. "Ukiifungua, kijana wangu atakuwa mwongo. Usipoifungua, ni gari bovu tu." Akashusha boneti kwa mikono miwili, pole pole. Wiki iliyofuata akaonekana na blanketi.

Nilikaa ndani ya lile gari, joto linanipiga, nikalia kwa hasira. Nilikukasirikia wewe, na baba pia nilimkasirikia, Mungu anisamehe. Alikubali kutetemeka miaka tisa ili jina lako lisichafuke, na mimi chungu kimoja hakuna aliyenifichia. Sisemi baridi ndiyo iliyomuua. Daktari alisema moyo, na mimi nafuata ya daktari. Nasema kila alfajiri ya miaka hiyo alipanda mlima akikusitiri, na wewe ulikuwa unaandika barua kuuliza kama gari linaendelea vizuri.

Alhamisi nikampeleka mama. Kufika kona ya tatu akavua shali. Kufika mabomba ya baba akafungua vifungo vya koti, akaweka viganja kwenye tundu la hewa, akavigeuza. Hakukohoa mpaka tunafika. Akasema, "Laiti baba yenu angelionja joto hili." Nikaendelea kuendesha.

Sijamwambia, na si mimi nitakayemwambia. Aliniuliza ilikuwaje ikapona, nikamjibu kwamba mipira ilikuwa imechoka. Ukiacha ule wa buibui, huo ni uongo wangu wa kwanza katika jambo hili, nimeuchukia, na nimeamua utakuwa wa mwisho.

Sasa sikiliza. Jirani yetu seremala anakuja huko kumwona binti yake, na ndiye aliyekuletea barua hii pamoja na mzigo. Mzigo huo si wangu, ni wa mama. Jana alilikunja lile blanketi la kijivu, akalipiga pasi, akasema, "Mpelekee kaka yako. Sisi tumeshapata joto, na huko kwao nasikia kuna baridi kali." Nikalipokea. Hajui anakutumia nini. Wewe unajua.

Pindo moja la blanketi ni zito. Nimekishonea humo kile kipande cha bomba. Pazia nimeliacha na waya wake. Ukija Desemba utakuja nacho mkononi, utapanda kiti mwenyewe, na mama atakuuliza umekitoa wapi. Sitakusaidia kujibu. Gari utalikuta zima, na funguo utaziona mfukoni mwangu.

Mama anakusalimu sana, anasema ule vizuri. Spana anakusalimu, hakuongeza neno. Nisalimie wifi, na nibusie watoto wote wawili, wao hawana kosa. Mungu akufikishe kwetu salama, maana nakuhitaji ufike mzima.

Na baridi ya huko ikizidi, jifunike. Lina harufu ya baba bado, upande wa magotini.

Wako akupendaye, ingawa leo kwa taabu,
Dada yako,
Mvunja Vyungu.