Nilivyoziharibu Karanga za Mama

Kitanga,
Kasulu.
27 Aprili 2014.

Mdogo wangu mpendwa Herieth,

Mwakeye! Nakuamkia kwa salamu ya kwetu usije ukaisahau huko Korogwe. Je, kile kikohozi kimekuachia? Shemeji hajambo? Na wanafunzi wako, bado wanakupigia kelele au wameshakuzoea?

Huku tunapumua, tunamshukuru Mungu. Goti langu la kushoto huuma mvua inapokaribia, nalo kwa mwaka huu limeuma sana maana mvua haikutupa nafasi. Careen yuko darasa la sita na ameanza kunizidi urefu. Mama bado yuko Kibondo kwa kaka Kasian. Mguu umepona, anakwenda kanisani bila fimbo.

Barua yako mwalimu mkuu aliniletea mwenyewe hadi nyumbani. Niliisoma nimesimama. Nilipofika pale ulipoandika, "Mama anamsifu sana Theodosia kwa kupalilia karanga, hebu niambie anafanyaje," niliikunja nikaiweka chini ya godoro. Imelala huko wiki tatu. Ndiyo sababu ya kuchelewa kukujibu, wala usiwasingizie watu wa posta.

Wewe Theodosia humjui, ulikuwa umeshahamia huko alipoletwa. Ni mke wa shemeji yangu Obedi, mdogo wa Makarius wangu. Alitoka upande wa Manyovu, kule mpakani, miaka mitatu iliyopita, na shamba lao limepakana na letu, katikati ni njia ya miguu tu. Mwaka ule alioolewa, mama mkwe alinitaka nimpe mbegu za kuanzia, nikampa bakuli moja la zile karanga nyekundu ndogo. Unazijua. Ni zile mama alizonifungia kwenye kitambaa siku ninaolewa, nazo yeye alizipata kwa bibi. Kwa hiyo hizo mnazoziita karanga za Theodosia, Herieth, ni karanga zetu.

Msimu huu tulipanda siku moja, katikati ya Novemba. Mimi nilipanda kama tulivyozoea, jembe linapoangukia ndipo mbegu inapokaa. Yeye alivuta kamba, akapanda kwa mistari, mashina yamekaribiana. Wiki mbili tu zilipopita nikamwona ameinama na kijembe kidogo anapalilia, na magugu yenyewe hata hayajaonekana vizuri. Nilicheka peke yangu. Nikasema huyu anachezea udongo.

Mwanzo wa Desemba nikaitwa Kibondo kumuuguza mama. Nilikaa huko mpaka Mwaka Mpya ulipopita. Makarius nilimwachia palizi, naye akapalilia mahindi, karanga akaziona ni kazi ya wanawake.

Niliporudi sikuamini. Shambani kwangu gugu la kishona nguo limenifika kiunoni, na chini yake ndago imetanda kama mkeka. Karanga zenyewe unazitafuta kwa kupapasa. Nikageuza macho ng'ambo ya njia. Shamba la Theodosia lilikuwa jeusi kati ya mistari, majani yameanza kushikana na kuufunika udongo, hata gugu likitaka kuota halina pa kupata jua. Alikuwa amepalilia mara mbili, na ya pili aliimaliza kabla maua hayajatoka. Hilo ndilo jibu la swali lako. Siri nyingine hana.

Lakini mimi wakati ule sikuona mistari wala palizi. Niliona kwamba nilikuwa nakesha kwa mama yetu huku mwenzangu yuko kwake anapendeza.

Jioni Makarius akasema mbele ya ugali, "Shamba la Obedi utadhani limefagiliwa." Akalisema tena kesho yake. Siku ya tatu nikamkuta amesimama njiani, mikono nyuma, anatazama upande ule. Nikamuuliza, "Baba Careen, unaangalia shamba au mwenye shamba?" Alinitazama kama mtu aliyemwagiwa maji, akaondoka. Ningeweza kujua kwamba alikuwa anaona haya kwa ile palizi aliyoiacha. Sikutaka kujua.

Siku ya soko nilipita kwa Tunu, yule muuza dagaa. Akaniuliza habari za mashamba. Nikamwambia magugu yananisumbua, lakini kuna watu hayawasumbui, wana dawa yao wameitoa mpakani. "Nani huyo?" akauliza. Nikatazama upande wa kwa Obedi. Ilitosha. Hapa neno la dawa haliulizwi mara mbili.

Kesho yake nikachukua jembe nikaingia kwenye karanga. Theodosia aliniona, akaja akasimama kwenye mpaka, mtoto mgongoni.

"Mama Careen, pole na safari. Ungeliacha jembe," akasema. "Maua yameshaanguka, yanashuka kuingia ardhini. Ng'oa kwa mkono hayo makubwa, nitakusaidia."

"Nimelima karanga wewe hujajua kushika kijiko," nikamwambia.

"Najua, dada. Lakini ukichimba sasa utazikata."

"Unataka shamba langu libaki pori ili lako lionekane."

Alirudi kwake.

Mdogo wangu, nataka uelewe jambo moja ambalo hata Makarius sijamwambia. Nilijua. Mama alitufundisha sote wawili, ua la karanga likianguka hutoa kitu kama sindano inayochoma udongo, na karanga hukaa kwenye ncha yake; ukipitisha jembe hapo umeua. Maneno ya Theodosia yalikuwa maneno ya mama, lakini kwa kuwa yalitoka mdomoni mwake, nikayakataa. Nililima siku mbili, nikazamisha jembe kwa nguvu. Kila nilipoona zile sindano nyeupe zimekatika, niliendelea. Jioni ya pili shamba lilikuwa safi. Nilimwita Makarius aje aone.

Ndago ilirudi baada ya siku kumi, nyingi kuliko mwanzo. Nilikuwa nimezikatakata zile punje zake za chini nikazisambaza mwenyewe.

Mwezi Machi zamu za kuvuna zikaanza. Wanawake wa huku tunasaidiana, leo kwako kesho kwangu. Ilipofika zamu ya Theodosia hakwenda mtu. Wengine walisema wanaumwa, wengine hawakusema lolote. Nilisimama kwenye njia nikamwona anang'oa peke yake na Obedi, kila shina limebeba karanga mpaka udongo unaanguka mabongemabonge. Neno langu ndilo lililowazuia wale wanawake, nami nililijua hilo pia. Nikaenda zangu kuchota maji.

Kwangu walikuja kumi na mmoja. Nilishika shina la kwanza nikalivuta, likatoka na mizizi mitupu. La pili lilikuwa na maganda mawili, moja tupu. Tuliendelea mpaka jua likawa kali, watu wanang'oa na kutupa. Mwishowe mmoja akaniambia pole kana kwamba nimefiwa. Nilipata nusu ndoo, na hizo zilikuwa zimesinyaa, ya kupanda haipo hata moja. Mbegu ya bibi, Herieth, iliishia mikononi mwangu.

Makarius hakunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Nilikaa siku nne. Ya tano nikavuka njia. Theodosia alikuwa uani anageuza karanga zake kwenye turubai. Nikamwambia nimekuja kuomba mbegu. Na kwa kuwa midomo ilikuwa imeshafunguka, nikamwambia pia kwamba lile neno la dawa lilianzia kwangu.

Aliendelea kugeuza karanga. Nilifikiri hajanisikia.

"Nilijua ni wewe," akasema. "Unajua nilivuna nikiwa na homa? Mtoto analia pembeni, na zamu yako ilipofika nikawaona wenzangu wanapita kwenda kwako."

Akavuta pembe ya turubai, akaendelea.

"Mbegu nitakupa, nawe ulinipa. Lakini neno lako kalichukue kule ulikolipeleka. Hapa usiniletee machozi."

Hakunipa maji, wala kiti. Na mimi, hata pale niliposimama nikiwa mkosaji, nilizihesabu zile turubai zake. Zilikuwa tatu. Moyo uliniuma kwa zile turubai kuliko kwa kosa langu.

Siku ya soko nikaenda kwa Tunu, wateja wamejaa. Nikasema kwa sauti ili wasikie wote, "Tunu, nilikwambia habari za dawa. Nilisema uongo. Theodosia hana dawa, ana kijembe."

Tunu alikuwa anapima dagaa, hata mkono haukusimama. "Ulikuwa wivu," akasema. "Mimi nilijua siku ile ile. Na wanaojua ni wengi, mama. Ila uongo mtamu, watu waliutafuna." Wanawake wakacheka. Nilirudi nyumbani kwa njia ya nyuma.

Mbegu aliniletea Careen siku hiyo hiyo jioni. Alitumwa nazo kutoka ng'ambo ya njia, bakuli moja, juu limefunikwa jani la mgomba. Theodosia anaitikia salamu yangu sasa, lakini haniiti tena dada.

Mama sijamwambia. Nitamwambia mwenyewe nikienda Kibondo mwezi ujao, usinitangulie kwa simu.

Wasalimie shemeji na mama mkwe wako. Kaka Kasian anakusalimia, Makarius na Careen pia. Obedi anauliza lini utakuja kuwaona. Mungu awape mvua ya kiasi na afya isiyopungua.

Kabla sijafunga, nikupe na hili la jana. Nilikuwa napita kwenda kwenye maharage yangu, nikaona kwenye maharage ya Theodosia, pale pembeni kusikofika macho yake, ndago imeanza kuchomoza. Nilifurahi, Herieth, sikufichi. Nilisimama pale nikaimaliza furaha yangu yote. Halafu nikamwita.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata nikinuna,

Verediana.