Hodi ya Nne kwa Bi Shamsa

Mwaka umetimia, Baba, tangu moyo wako uliposimama asubuhi ile ukiwa umeinama kufunga kamba za viatu. Karibu mwaka mzima hakuna aliyekohoa kwenye mlango wa jikoni hapa Tudor, Mombasa, na Mama bado hugeuka kutazama.

Wasiokujua wakisoma haya watauliza ni kikohozi gani, basi tuwaambie. Barnabas Mumo hakuingia mahali bila kukohoa kwanza, hata chumbani mwake mwenyewe. Kho, kho, ndipo aingie. Tulidhani ni vumbi la karakana ya reli, ulikotengeneza mabehewa miaka thelathini na mmoja. Tukakupeleka hospitali mara mbili kupigwa picha ya kifua. Daktari akasema mapafu ni safi kabisa, ukamshukuru, na tulipofika nyumbani ukakohoa mlangoni kama kawaida yako.

Ulipostaafu hukutulia hata wiki. Kulikuwa na wanafunzi wa vyuo na vijana wa makanisa wanaotafuta mahali pa kujitolea, na Mji wa Kale kulikuwa na wazee wanaoishi peke yao ghorofani, maji yanawapandia kwa shida na dawa zao hawawezi kuzisoma. Wewe ukaingia katikati. Kila Jumamosi, miaka kumi na tisa, ukiwa na kofia yako ya reli, daftari kwapani, vijana nyuma yako na mitungi. Mkamba wa kanisani, na mitaa ile ya Kiislamu ikakuamini.

Kwenye barua zao za kuthibitisha kujitolea ulikuwa mgumu, Baba, tuseme ukweli. Mwanafunzi akija umtilie mhuri kwamba amejitolea kwa muda wa saa nne, unamwambia, "Saa nne hata kiti kinakaa. Mzee wako amekuambia nini?" Asipokuwa na neno moja alilolisikia kwa mzee wake, anarudi akalitafute. Neno hilo unaliandika daftarini mbele ya jina la mzee. Hakuna aliyeandika saa katika daftari lile.

Na ulikuwa na sheria ya hodi. Ile uliipata kwa aibu. Mwaka wa kwanza vijana wawili kutoka bara walipiga hodi moja wakajitoma ndani, wakamkuta mama mwenye nyumba anachana nywele, kichwa wazi. Mtaa ukawaka. Mzee Muhdhar, mkubwa wa mtaa, akakuita barazani kwake akakwambia, "Bwana Mumo, hodi ni tatu. Usipojibiwa ya tatu, geuka wende zako. Ndiyo adabu yetu." Ukazunguka nyumba kwa nyumba kuomba radhi. Tangu siku hiyo hakuna kijana aliyebeba mtungi wako kabla hajaikariri: hodi tatu, hujajibiwa, ondoka.

Ulipotutoka, daftari alilichukua Kate. Kaka yake Kenneth alimwambia aachane nalo, kazi yake ya ofisini bandarini inamtosha. Unamjua binti yako. Ukimwambia acha, ndiyo umemwambia shika.

Sasa tukusimulie Jumamosi moja ya mwezi jana, maana hiyo ndiyo hasa tuliyotaka kukuandikia.

Kikundi cha vijana wa kanisa kilitoka Voi, watu ishirini na sita, mkubwa wao Mwalimu Katana. Walifanya kazi vizuri. Wengine walibeba maji, wengine walipaka chokaa ukuta wa uchochoro ukang'aa. Saa tisa alasiri Kate aliketi barazani na mhuri wako, barua zimepangwa mbele yake, na vijana wanaona kama wanacheleweshwa. Basi lao lilikuwa linawasubiri ufukweni Mama Ngina, wametamani mihogo na viazi karai vya huko tangu walipoondoka kwao, na saa kumi lazima wawe njiani.

Kate akapitisha kidole kwenye daftari, mzee mmoja mmoja, neno moja moja. Akafika kwa Bi Shamsa. Mbele ya jina hilo hapakuwa na neno. Paliandikwa: Hodi tatu, hakujibu.

"Winnie ni nani?" akauliza.

Akasimama msichana mwembamba, mwanafunzi wa ualimu. "Ni mimi, dada. Tulipiga tatu kama ulivyotufundisha. Tukasubiri, tukaondoka."

"Saa ngapi?"

"Kama saa nne na nusu asubuhi."

"Na kikapu?"

"Kikapu kipi? Kile kinachoning'inia ukutani? Kilikuwa pale juu, katikati tu. Nilidhani ni pambo."

Bi Shamsa ana miaka themanini na miwili na anaishi ghorofa ya pili. Hashuki kufungua mlango. Hufungua dirisha, akakutukana kidogo kwa kuchelewa, kisha akateremsha ufunguo kwa kikapu na kamba mpaka mkononi mwako. Kikapu chake huwa juu au huwa chini. Hakuna mtu anayekiacha katikati.

"Dada Kate," Mwalimu Katana alisema, "tia mhuri hizi barua tuwahi. Hilo jingine utalimaliza mwenyewe baadaye."

"Hakuna mhuri," Kate akasema, akainuka na daftari lake.

Walimfuata wote, maana bila mhuri wangekwenda wapi? Uchochoro ule unaujua, watu wawili hawapishani bila kusalimiana. Chini ya nyumba ya Bi Shamsa alikuwako Mzamil, muuza kahawa, anaosha vikombe. Kikapu kilikuwa palepale, juu ya vichwa vyao, kimetulia. Dirisha liko wazi nusu.

"Masalkheri, Bwana Mzamil. Bi Shamsa umemwona leo?"

"Masalkheri mwanangu. Leo sikumwona. Huenda kaenda kwa mpwawe Kisauni."

"Na kikapu akakiacha hivi?"

Mzamil akatazama juu. "Hodi mmepiga?"

"Tatu. Tangu asubuhi."

"Basi imekwisha. Sikiza, Kate, nakwambia kwa wema. Yule ni mwanamke, yumo nyumbani mwake. Huenda yuaoga, huenda kalala, huenda leo hataki watu. Ukivunja mlango huu na kundi hili la bara nyuma yako, kesho hamna mlango utakaowafungukia mtaa huu. Babako alihangaika sana kuipata heshima hii. Usije ukaimwaga kwa siku moja."

Kate alimpigia simu Kenneth. Kenneth naye, kwa woga wa kaka mkubwa, akasema, "Ondoka hapo. Usiharibu jina la Baba." Leo anajuta, ametuomba aliandike hili kwa mkono wake mwenyewe, na ameliandika.

Tunataka ujue, Baba, kwamba mwanao alisimama pale akiwa na hofu ya kweli. Hakumwogopa Mzamil, wala mtaa. Alikuogopa wewe. Alijiona anakanyaga kitu ulichokijenga kwa magoti, nyumba kwa nyumba, na wewe hupo akuulize. Akigonga tena amevunja sheria yako. Asipogonga, na yule mama yumo ndani, je? Mwalimu Katana akatazama saa yake. Nyuma mtu akaguna kwamba basi litawaacha.

Akaupiga mlango kwa kiganja, kwa nguvu zake zote. "Hodi! Bi Shamsa! Ni Kate wa Mumo! Hodi!"

Akalaza sikio mlangoni.

Halafu kikapu kikashuka. Shibiri moja tu, kikasimama, kikawa kinatikisika.

"Lahaula!" Mzamil alidondosha kikombe kikapasuka. "Yumo! Mama Jamaldin! We Mama Jamaldin! Toka, mke wangu, na leso, upesi!"

Winnie alishakimbia. Alirudi na mwenzake wamebeba ngazi ya wapaka chokaa, matone meupe yamewachafua mpaka nyusi. Kate akapanda, akautoa ufunguo kikapuni. Ulikuwa umo humo tangu asubuhi, Baba. Bi Shamsa alikuwa ameshauteremsha nusu.

Mzamil akaweka mkono mlangoni kuwazuia vijana. "Wanawake kwanza," akasema, na hakuna aliyebisha. Akapanda Kate, na Mama Jamaldin nyuma yake anasoma dua kwa sauti.

Bi Shamsa alikuwa sakafuni chini ya dirisha, mguu umegeuka vibaya, kamba imemzunguka kifundo cha mkono mara mbili. Midomo imemkauka ikapasuka. Kate alipiga magoti, akamshika uso, na yule mama akatoa sauti ndogo mno. "Nifunike kwanza," akasema.

Wakamfunika. Wakamlowesha midomo. Ndipo Kate akaita wanaume, na wale vijana waliokuwa wakinung'unika wakamshusha juu ya ngazi ileile iliyotandikwa godoro, hatua kwa hatua, Mwalimu Katana mbele anashuka kinyumenyume, jasho linamtiririka, anarudia, "Polepole, mama yangu huyu, polepole." Wakampeleka mpaka palipofika tuktuk. Basi la saa kumi liliondoka saa moja usiku, na mihogo ya Mama Ngina hawakuionja.

Nyonga ilikuwa imevunjika. Daktari alisema angelala pale mpaka asubuhi, wangekuta maiti.

Siku ya tatu Kate alikwenda wodini kumwomba radhi. Alikuwa hajalala vizuri. Kosa hakulitia kwa Winnie, alilitia kwake, na kwetu, na kidogo kwako pia, Baba, jambo ambalo lilimuuma zaidi.

"Tusamehe, Bi Shamsa. Tulipiga tatu tukaondoka."

"Naliwasikia," yule mama akasema. "Zote tatu. Nalivuta pumzi, sauti haiji. Nikawasikia mwenda zenu mwacheka."

Kate akainamisha kichwa.

"Hebu niambie. N'nani aliyewaambia munipigie mimi hodi tatu?"

"Ni sheria ya Baba."

Bi Shamsa akamkodolea macho. Kisha akaanza kucheka, anacheka na huku anaugulia nyonga, mpaka muuguzi akaja mbio. "Babako? Mumo? Mumo hajanipigia tatu hata siku moja! Yeye apiga moja. Nikikawia, apaza sauti mtaa mzima wasikia, 'Bi Shamsa, kikapu!' Kisha apanda akikohoa, kho, kho, kho, tangu chini hata juu, nipate kujitanda leso yangu. Kifua kizima kama cha ng'ombe, hana ugonjwa wowote! Mwenyewe aliniambia, 'Mama, nikigonga sana nitakuamsha, nikinyamaza nitakukuta vibaya, basi nitakohoa.'" Akajipangusa macho kwa ncha ya leso. "Hodi tatu ni za wageni, mwanangu. Nyinyi mumekuwa wageni lini?"

Neno hilo Kate aliliandika hapohapo, kwenye ule mstari wa Bi Shamsa. Barua ya Winnie ikapata mhuri, akatumiwa Voi.

Kumbe, Baba! Mara mbili tulikupeleka hospitali ukatibiwe adabu. Ulikuwa unaileta nyumbani kila siku, unampa Mama jikoni, unatupa sisi vyumbani, na sisi tunakuchemshia tangawizi. Kwa nini hukutuambia? Tumekukasirikia kidogo, tusikufiche, kisha tumekulilia upya.

Mzee Muhdhar ameitwa, amekaa na Kate na Mzamil barazani. Hodi tatu zimebaki kwa mlango wa usiyemjua. Kwa mzee wetu, ikipita ya tatu inapigwa ya nne kwa jina lake, anaitwa mama wa jirani, na hakuna kurudi bila kumwona kwa macho. Mzee Muhdhar alisema ilikuwa iwe hivyo tangu zamani, na kwamba wewe ulimchukulia maneno yake mazito kuliko alivyoyasema. Bi Shamsa yuko kwa mpwawe Kisauni, anajifunza kutembea kwa fimbo, na anadai kikapu chake.

Jumapili iliyopita, baada ya ibada, Kate aliingia na mfuko wa sukuma wiki. Alipofika kwenye mlango wa jikoni akasimama. Hatujui ilimjia vipi, hata yeye hajui. Kho, kho. Mama alikuwa amewapa mgongo watu, yuko kwenye jiko, akajivutia leso begani bila kugeuka. "Karibu, Baba Kenneth," akasema. Kisha mwiko ukamtoka mkononi.

Wanaokukumbuka ni mkeo Rosebella, wanao Kenneth, Kate na Morris, dada yako Mbinya aliye Makueni, na wajukuu zako watano. Bi Shamsa si wa damu yetu, lakini ametuma mtu kutoka Kisauni jina lake liandikwe hapa, tena akasema lisiwe la mwisho.

Popote ulipo, Baba, kohoa tukusikie. Milango yetu yote inakukumbuka, na sisi tulio ndani yake hatutaacha kamwe.